Vikombe vya Mke wa Bwana Morita

Mmenibana wenyewe. Ijumaa ile baada ya ibada, maana huku kanisani tunaenda Ijumaa, mlikuja kwa binti yangu Doreen hapa Al Wukair, nje ya Doha, mkamaliza chapati zangu zote, kisha mkaniuliza miaka yote niliyokaa hotelini nilikuwa nafanya nini hasa. Nikawajibu kwamba niliosha vikombe. Mkacheka, mkadhani Auntie Rispa anakwepa swali. Sikuwa nakwepa. Sasa nimesharudisha sare, nasubiri tu safari ya kwenda nyumbani Kakamega, na muda ninao. Kaeni basi, hasa nyinyi mnaoanza kazi za mahotelini na mnaona kwamba kazi ya maana ni ile ya kusimama mbele na wageni.

Mgahawa wetu ulikuwa wa Kijapani, juu kabisa ya hoteli moja ya West Bay. Pale wageni walikunywa sake, pombe ya Wajapani inayotengenezwa kwa mchele, nyeupe kama maji ya kisima. Mimi nimelelewa katika kanisa lisilogusa pombe, na mpaka leo sijui ladha yake. Lakini vikombe vyake navijua kuliko ninavyojua masufuria yangu.

Havikuwa vikombe vya dukani. Vilikuwa vidogo, vya kujaa kiganjani kama yai la bata, vimefinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni kwenye tanuri lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Havipakwi rangi, moto wenyewe ndio unaovipaka. Majivu ya kuni yanapeperuka humo ndani, yanatua juu ya kikombe, na joto likizidi yanayeyuka na kuwa kama kioo. Upande uliotazama moto unatoka na ukoko wa kijani na kijivu. Upande uliojificha unatoka mwekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Ukivitafuta viwili vinavyofanana, hutavipata.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ya kwanza nilipoviona, mwenzangu Ssali, Mganda mmoja mwenye mabega ya mtu wa kubeba magunia, alikuwa ameshika kimoja anakisugua kwa waya wa kusugulia masufuria.

"Nyabo," aliniambia, kwa heshima ya kwao, "hawa watu wameunguza chakula humu mpaka kimeshikana."

Nilikitazama kile kikombe nikakubaliana naye kabisa. Nikaenda kumletea sabuni ya unga, ile kali ya kuoshea majiko. Tukasugua kwa zamu. Ukoko haukusogea. Ssali alikuwa ameanza kusema habari za kisu wakati mpishi mkuu, Bwana Morita, alipoingia.

Bwana Morita alikuwa mzee mfupi, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani daima. Alikitwaa kile kikombe, akakisuuza, akakinusa, akauliza tumekisugua tangu saa ngapi. Ssali akasema kwa fahari kwamba tangu wageni wa chakula cha mchana walipoondoka. Mzee akajifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika. Tukajua tumemliza na kazi imekwisha. Kumbe alikuwa anacheka. Alipoweza kusema, alituambia kwamba hicho tunachotaka kukitoa, mke wake amekaa kando ya moto siku nyingi akiulisha kuni ili akipate.

Kesho yake alitutoa kwenye mashine ya kuosha sahani, akatukabidhi kabati la vikombe. Alisema watu wenye uvumilivu wa namna ile wasipotezwe kwenye sahani.

Basi nisikilizeni, kwa sababu siku moja mtakabidhiwa kitu cha namna hii na hakuna atakayewaeleza. Kikombe kisichopakwa kitu kina kiu. Ukikitoa kabatini kikavu ukakimiminia pombe, kitakunywa kabla ya mgeni, na harufu itabaki humo. Kwa hiyo kabla ya wageni kufika tulikuwa tunavilaza kwenye beseni la maji safi mpaka vishibe, kisha tunavipangusa. Vikisharowa vinabadilika sura kabisa, rangi zinaamka, na mgeni anadhani vimetoka tanurini jana. Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu na kidole chako, sabuni hapana. Kucha ndefu pia hapana. Na usivipandanishe kimoja juu ya kingine hata kama nafasi ni finyu.

Kukausha ndiko kulikotusumbua. Mtu akifika Doha anaona jangwa, anafikiri hapa kila kitu kinakauka chenyewe. Nyinyi mliokwisha kupita Agosti hapa mnajua hewa ya bahari inavyoshika shati mgongoni. Kikombe ukikifungia kabatini kikiwa na unyevu, baada ya muda kinanuka kama gunia la zamani. Bwana Morita alinifundisha kukigusisha kitako chake shavuni. Ukisikia baridi, bado kina maji. Ukisikia hakina habari na wewe, kimekauka. Ssali alikuwa hapendi jambo hilo mbele za watu, akawa anaenda nyuma ya mlango wa stoo kubusu vikombe, kama tulivyomtania.

Mwezi wa Ramadhani pombe haikutolewa, na vikombe navyo vikapumzika. Ndio mwezi niliokuwa naupenda kuliko yote. Tulivitoa vyote, tukavipanga kwenye mbao karibu na dirisha, tukalainisha vitako vilivyokuwa vinakwaruza meza. Bwana Morita alikaa nasi akisimulia habari za kila kimoja. Siku moja, mfungo ukiwa umekwisha, alikiona kikombe nilichokipenda, chenye alama nyekundu za majani ya mpunga yaliyozungushiwa kabla ya kuchomwa. Akakijaza maji baridi akanipa ninywe. Nikasita, nikamwambia mimi na vikombe vya pombe hatuendani. Akanijibu kwamba kikombe hakina dini, kinajua tu mdomo. Nikanywa. Sijui kama ni maji au ni kikombe, lakini nilihisi maji yamekuwa laini.

Kila kikombe kilikuwa na mahali palipobonyea kidogo ubavuni. Ni alama ya kidole gumba cha mke wake. Akimaliza kufinyanga, alikuwa anabonyeza hapo kabla udongo haujakauka, na ukikishika kwa mkono wa kulia kidole chako kinaingia mahali pake bila kutafuta. Wageni tuliwapelekea sinia la vikombe wachague wenyewe. Mtu anainua kimoja, anakirudisha, anainua kingine, halafu ghafla anaacha kutafuta. Mimi nilikuwa nabashiri kwa kutazama mikono yao. Wenye vidole vinene huenda kwa vile vizito. Wenye haraka huchukua cha karibu, wakajuta. Ssali alikuwa akinishinda katika hilo na mpaka leo sijui alikuwa anatazama nini.

Mke wake sikuwahi kumwona. Alibaki Japani, kijijini, penye tanuri lake, kwa sababu tanuri halihamishiki. Yeye mzee alikuwa Doha kwa sababu kazi yake iko penye wageni. Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuelezwa ndoa ya namna hiyo. Baba Doreen alikuwa Kakamega na ng'ombe wake, mimi niko hapa na vikombe. Tofauti ni kwamba mimi na mume wangu tulikuwa na simu tu, na kwenye simu kila mtu yuko salama.

Wao walikuwa na boksi la vikombe. Mke alikuwa anachoma tanuri mara moja kwa mwaka, majira ya baridi yanapoanza kulegea, kisha anatuma vikombe. Boksi likifika, Bwana Morita alikuwa halifungui jikoni. Alisubiri wageni wa mchana waondoke, akaja nalo kwenye chumba chetu cha vikombe, akaosha mikono, akaanza kufungua karatasi moja moja. Kisha anavisoma. Sijui niseme vipi, lakini ni kusoma. Akiona majivu yamekaa mengi upande mmoja, anasema mwaka huu upepo ulitoka bondeni. Akiona vimetoka vyeusi, anasema kuni zilikuwa mbichi, na kwamba alimwambia azianike mapema akakataa. Mwaka mmoja vilikuwa vyembamba na vya mzaha, midomo imepinda kidogo kama mtu anayetaka kucheka. Akasema mke wake alikuwa na furaha, huenda dada yake alikuja kumtembelea. Jioni akapiga simu. Kweli dada alikuwa amekuja.

Kisha ukaja mwaka ninaotaka kuwasimulia.

Boksi lilifika kama kawaida. Ssali alikuwa zamu ya mapumziko, kwa hiyo tulikuwa wawili tu mimi na mzee. Vikombe vilikuwa vizuri. Rangi ilikuwa nzuri kuliko mwaka uliotangulia, na yeye alifurahi, akaanza kusema habari za upepo. Mimi nilichukua kimoja kukifuta vumbi la karatasi. Nilipokishika hakikukaa. Kidole changu kilitafuta mahali pake kikapakosa. Nikakizungusha, nikapaona pale palipobonyea, lakini ukikishika hapo, ule upande wenye majivu mazuri unaelekea kiganjani badala ya kumwelekea mgeni. Nikachukua kingine, kikawa hivyo hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Nilimpa kile kikombe, nikamwambia nadhani mwaka huu mama amebadilisha mtindo.

Akakipokea kwa mkono wa kulia. Akakizungusha. Kisha akakihamishia mkono wa kushoto. Kidole gumba chake kikaingia palepale, kikatulia. Akakiweka chini, akajaribu cha pili, cha tatu, vyote kwa mkono wa kushoto, na vyote vikamkubali. Alipofika cha mwisho alikaa kwenye kiti changu. Mimi nikaendelea kukunja karatasi ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Mke wangu hatumii mkono wa kushoto," alisema mwishowe.

Alinieleza kwamba walizungumza jana yake tu. Mke alikuwa amemwambia kazi imekwenda vizuri, amechoka kidogo. Kila wiki walizungumza na kila wiki alikuwa amechoka kidogo. Simu yao ilikuwa ya sauti tu, mama hakutaka ile ya picha, alisema inamwonyesha pua kubwa. Sasa mzee akaanza kuhesabu tangu lini amekataa picha. Hakumaliza.

Nikamwuliza anangoja nini. Akaniambia neno ambalo lilinishangaza. Alisema mke wake ni mtu wa fahari, na kama hakutaka ajue, basi kwenda bila kuitwa ni kumvunjia heshima. Ataona amevuliwa nguo mbele ya mumewe. Akasema labda amalize mkataba, mwaka mmoja na kidogo, aende kama mtu anayestaafu tu.

Mimi si mtu wa kumfundisha mzee wa watu mambo ya nyumbani kwake. Lakini nilikuwa nimekishika kile kikombe, na nilimwambia kilichonijia.

"Bwana Morita, mtu asiyetaka ujue angekuambia tanuri limebomoka. Huyu amefinyanga kwa mkono mmoja, akakutumia wewe unayejua kusoma."

Alikitwaa kikombe mkononi mwangu. Kisha akasimama, akakitia mfukoni, akaenda kwa mudir wetu, yaani meneja wa mgahawa.

Mudir alikuwa Mlebanoni, mtu mwema lakini aliyejaa mahesabu ya wageni kichwani, na ule ulikuwa msimu wa watu wengi. Haya niliyasikia kwake mwenyewe. Alianza kwa kusema haiwezekani, asubiri msimu upite. Mzee hakubishana. Alimpa kikombe akishike kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, akamweleza maana yake. Mudir alisema alikaa amekishika, akamkumbuka mama yake anayeishi peke yake na ambaye naye daima yuko salama. Akamwambia khalas, kata tiketi.

Bwana Morita aliondoka siku chache baadaye. Aliniachia kabati, akanisihi vile vikombe vipya nivifungie, wageni wasipewe. Hakutaka mtu avishike akasema vina kasoro.

Mimi nami usiku ule ule wa kuagana sikulala na swali, nilipiga simu nyumbani kabla hata sijavua viatu. Badala ya kumwuliza Baba Doreen kama yuko salama, nilimwambia anihadithie siku yake tangu alipoamka, asiruke kitu. Akanicheka, akauliza kama nimekunywa hiyo pombe ya mchele. Nikamwambia aanze tu. Akaanza. Alipofika kwenye kukamua ng'ombe akasema kijana wa jirani ndiye anayekamua siku hizi. Nikauliza kwa nini. Ndipo goti likatoka, goti lililokuwa linamsumbua tangu mavuno na ambalo halikuwahi kutajwa kwenye simu hata moja. Tuligombana vizuri sana, na wiki hiyo akaenda hospitali akiwa amenuna. Tangu hapo mpaka leo simu zetu ni ndefu na za kuchosha, zimejaa kuku na mabomba, na sizibadilishi na kitu.

Habari za mzee zilitufikia polepole. Mke wake alikuwa amepata kiharusi kidogo, miezi kabla ya kuchoma tanuri, na mkono wa kulia ukalegea. Aliwakataza majirani wasiseme. Mzee alipofika langoni alimkuta anajaribu kufagia. Hakuulizwa amekujaje. Aliulizwa kama amekula.

Hakurudi Doha. Alimwandikia mudir kwamba ameacha kazi. Mpishi wa Nepal aliyekuwa msaidizi wake akashika jiko, na akalishika vizuri.

Vile vikombe nilivifungia kama nilivyoagizwa. Lakini kulikuwa na mgeni wetu mmoja wa mara kwa mara, mama mhandisi, ambaye sinia likifika mbele yake huinua vyote na kuvirudisha, halafu huchukua chochote kwa kukata tamaa. Ssali ndiye aliyeona. Alikuja nyuma akaniambia, nyabo, yule ni wa mkono wa kushoto, miaka yote tunampa vikombe vya watu wengine. Tukatazamana. Nikafungua kabati, nikaloweka kimoja, Ssali akakipeleka katikati ya vile vingine bila kusema neno. Yule mama akakiinua. Hakukirudisha. Alikigeuza akitazama, akakirudisha kiganjani, akamwambia Ssali kwamba hiki kimemjua.

Nilimpigia Bwana Morita kumwambia nimevunja amri yake, na jinsi nilivyoivunja. Nikasikia anamfasiria mtu aliye pembeni. Kisha akaniomba nirudie, pale mama mhandisi alipokishika. Mkewe alitaka kuyasikia mara ya pili.

Mwaka uliofuata boksi likaja tena. Hatukulitarajia. Tulilifungua mimi na Ssali, tukiwa tumeosha mikono kama mzee alivyotuzoesha. Nitasema ukweli, nilipofungua karatasi ya kwanza nilidhani wametutumia kitu kwa makosa. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Kilichofuata kilikuwa na mdomo uliopinda hapa na pale, kingine kimeinama kama mtu aliyelala kwenye basi. Ssali alivipanga mezani, akavitazama, akasema kwa upole kwamba huyu mama hali yake imekuwa mbaya zaidi. Mimi nikavijaza maji kuvipima. Vilishika maji vyote, isipokuwa kimoja kilichoanza kutoa jasho chini, kisha tone, kisha tukatafuta kitambaa.

Simu ililia kabla hatujavikusanya. Ilikuwa ya picha, mara ya kwanza. Bwana Morita alikuwa kwenye kibanda chenye giza kidogo, amekonda, na kitambaa bado kiko kichwani. Akauliza vimefika vyema. Nikamwambia vimefika. Akauliza tunavionaje.

Ssali alinipiga kiwiko nisiseme. Lakini yule mzee alinifundisha kugusisha kikombe shavuni ili nisidanganywe na macho, nisingeweza kumdanganya yeye.

"Ni vizito, Bwana Morita. Na kimoja kinavuja."

Hakukasirika. Uso ulimwiva kama wa mwanafunzi. Akakiri kwamba amevifinyanga yeye mwenyewe, kwa mikono hii ya kukata samaki, mke wake ameketi nyuma yake akimwelekeza. Akaongeza kwamba ni mwalimu mkali. Kisha akageuka akamfasiria jibu langu, na huko nyuma nikasikia mwanamke akicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa amekingoja. Mzee alisubiri kiishe, akaturudia.

"Anasema kinachovuja mpeni mgeni anayekunywa haraka."

Ssali alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akajifunika mdomo, mabega yakitikisika. Hapo ndipo nikauona mkono wa kushoto wa mwanamke ukiingia kwenye kioo cha simu, taratibu, ukamfuta udongo uliokuwa umemkaukia shavuni.